Safari ya Riga Huanza na Mahali pa Kulala: Mambo ya Kuzingatia kwa Wananchi Wanaopanga Kuzuru Mji Mkuu wa Latvia

Wananchi wanaokusudia kuzuru nchi za Bahari ya Baltiki kwa utalii, mikutano, maonesho ya biashara au kumtembelea ndugu anayesoma huko, wanashauriwa kuamua watalala wapi kabla ya kulipia jambo lolote jingine. Wasafiri wengi hutafuta kwanza tiketi ya ndege na kuacha suala la malazi hadi siku za mwisho. Kwa safari ya Riga, mji mkuu wa Latvia, mpangilio huo unaweza kumgharimu msafiri viza, fedha na muda, kwa kuwa malazi ndiyo yanayoamua maombi yapelekwe ubalozi upi, bima ikatwe ya siku ngapi, na msafiri ajibu nini anapofika mbele ya ofisa wa uhamiaji.

Makala haya yanaeleza namna uamuzi huo unavyofanyika, maeneo ya mji yanayofaa kwa kila aina ya safari, na tahadhari za kuchukua ili akiba ya familia isipotee kabla safari haijaanza.

Mji na historia yake kwa ufupi

Riga imejengwa kando ya Mto Daugava, karibu na mahali unapomwaga maji yake katika Ghuba ya Riga. Mji huo ulianzishwa mwaka 1201 na Askofu Albert, na ukastawi kama bandari ya wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya. Katika karne zilizofuata ulipita mikononi mwa Poland, Sweden na Urusi, hadi Latvia ilipotangaza uhuru wake tarehe 18 Novemba, 1918. Baada ya miongo kadhaa chini ya Umoja wa Kisovieti, nchi hiyo ilirejesha uhuru wake mwaka 1991.

Mambo matatu katika historia ya karibuni yanamhusu msafiri moja kwa moja. Latvia ilijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, ikaingia katika Eneo la Schengen tarehe 21 Desemba, 2007, na ikaanza kutumia sarafu ya Euro tarehe 1 Januari, 2014. Kwa sababu hiyo, viza ya Schengen yenye kuruhusu kuingia Latvia humwezesha mwenye nayo kuendelea hadi Estonia, Lithuania na nchi nyingine za eneo hilo, na sarafu moja humtosha katika nchi zote tatu za Baltiki.

Riga ina wakazi takriban 600,000, sawa na theluthi moja ya wananchi wote wa Latvia. Kwa kulinganisha, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi zaidi ya milioni 5.3. Msafiri aliyezoea umbali wa Mbagala hadi Tegeta atakuta mji ambao sehemu kubwa ya vivutio vyake hufikiwa kwa miguu. Hali hiyo hurahisisha uchaguzi wa malazi, ilimradi msafiri ajue anakwenda kufanya nini.

Malazi yanavyoamua ubalozi wa kuombea viza

Mtanzania anahitaji viza kuingia katika Eneo la Schengen. Kanuni ya eneo hilo inataka maombi yawasilishwe kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari, kwa kuangalia muda wa kukaa au shughuli iliyokusudiwa. Msafiri anapokwenda nchi zaidi ya moja kwa utalii, jambo linaloangaliwa zaidi ni idadi ya siku atakazokaa katika kila nchi.

Kwa mfano, msafiri anayepanga kulala usiku 4 Riga, usiku 2 Tallinn nchini Estonia na usiku 2 Vilnius nchini Lithuania, maombi yake ni ya Latvia. Akibadili mpango akalala usiku 3 Riga na usiku 6 Helsinki, maombi hayo ni ya Finland, hata kama ndege yake itatua kwanza Riga. Iwapo siku zinalingana katika nchi zote na hakuna lengo kuu linaloonekana, maombi hupelekwa kwa nchi atakayoingia kwanza. Ndiyo maana haifai kuanza na fomu ya viza kisha kutafuta hoteli; mpango wa kulala ndio unaotoa jibu la fomu.

Nchi ya Schengen isiyo na ubalozi mahali fulani inaweza kuwakilishwa na nchi nyingine ya eneo hilo katika kupokea na kushughulikia maombi. Kwa hiyo, mwombaji anapaswa kuthibitisha kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Latvia ni ofisi ipi inayopokea maombi ya wakazi wa Tanzania kabla ya kulipa ada au kuanza safari ya kwenda kuwasilisha nyaraka.

Miongoni mwa nyaraka zinazotakiwa ni uthibitisho wa malazi kwa muda wote wa ziara. Msafiri anayelala hotelini huwasilisha uthibitisho wa nafasi aliyoweka. Anayefikia kwa ndugu au rafiki hutegemea mwaliko wa mwenyeji, ambao kwa Latvia mwenyeji huuombea idhini katika ofisi ya nchi hiyo inayoshughulikia uraia na uhamiaji. Mwaliko wa simu au ujumbe wa maandishi kati ya ndugu hautoshi.

Masharti mengine ya msingi ni haya:

- Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa 2 tupu, na iendelee kuwa hai kwa miezi 3 au zaidi baada ya siku ya kuondoka Eneo la Schengen.
- Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua Euro 30,000 na ihusishe matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani.
- Maombi yawasilishwe si mapema kuliko miezi 6, na si chini ya siku 15, kabla ya safari.
- Ada ya viza, tangu Juni 2024, ni Euro 90 kwa mtu mzima na Euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Watoto walio chini ya miaka 6 hawalipi.

Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini muda huo unaweza kuongezwa hadi siku 45 pale uchunguzi zaidi unapohitajika. Msafiri makini hujipa nafasi ya kutosha kwa kuhesabu siku 45.

Aidha, hesabu ya usiku si sawa na hesabu ya siku. Ukaaji wa muda mfupi hauruhusiwi kuzidi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na siku ya kuingia pamoja na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Mtu anayelala usiku 7 amekaa siku 8. Bima yenye upungufu wa siku moja ni kasoro ndogo kwa macho ya mwombaji, lakini yaweza kuchelewesha au kukwamisha maombi.

Maeneo ya kulala na sifa zake

Mnara wa Uhuru, uliozinduliwa mwaka 1935 na wenye urefu wa mita 42, husimama kati ya sehemu kongwe ya mji na mitaa iliyojengwa baadaye. Msafiri anayeutumia kama kitovu kwenye ramani ataelewa kwa urahisi umbali wa kila eneo linalotajwa hapa.

Eneo la kwanza ni Vecrīga, yaani Riga Kongwe, lililopo ukingo wa kulia wa mto. Hapa ndipo penye Kanisa la Mtakatifu Petro, Kanisa Kuu la Riga na Jumba la Blackheads, ambalo liliharibiwa katika vita mwaka 1941 na kujengwa upya mwishoni mwa karne ya 20. Pamoja na mitaa inayolizunguka, eneo hili liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Anayeufahamu Mji Mkongwe wa Zanzibar atayatambua mambo mengi: vichochoro vyembamba, nyumba zilizobanana, na gari lisiloweza kufika mlangoni. Linamfaa mgeni wa siku 2 au 3 anayetaka kutembea kwa miguu. Halimfai anayehitaji utulivu usiku, kwa kuwa baa na migahawa ni mingi, wala mwenye mizigo mizito au maumivu ya magoti, kwa sababu mitaa imesakafiwa kwa mawe na majengo mengi ya kale hayana lifti.

Eneo la pili ni Centrs, mitaa mipana iliyo ng'ambo ya bustani na mfereji unaoizunguka Riga Kongwe. Takriban theluthi moja ya majengo ya katikati ya mji yalijengwa kwa mtindo wa mapambo uliovuma Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, wenye sura za watu, wanyama na maua kwenye kuta. Mtaa wa Alberta, ambao nyumba zake kadhaa zilisanifiwa na Mikhail Eisenstein, ndio unaojulikana zaidi. Sehemu ya kaskazini ya mitaa hii huitwa na wenyeji Kituo Tulivu. Familia, wajumbe wa mikutano na wasafiri wa mara ya kwanza wanaotaka kulala kwa utulivu bila kuwa mbali na vivutio hupata hapa uwiano mzuri.

Eneo la tatu ni jirani na stesheni kuu ya reli, kituo kikuu cha mabasi na Soko Kuu. Soko hilo, lililofunguliwa mwaka 1930, lina mabanda makubwa 5 yaliyojengwa kwa kutumia viunzi vya mabanda ya ndege za puto za Kijerumani za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Samaki, maziwa, nyama, mboga na mikate hupatikana hapo, na anayejipikia hupunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Malazi ya hapa huwafaa wanaopanga kwenda Tallinn au Vilnius kwa basi, miji ambayo kila mmoja upo umbali wa takriban kilomita 300. Hata hivyo, ujenzi wa reli ya kisasa ya Rail Baltica umegusa eneo la stesheni, na mitaa iliyo nyuma ya soko huwa na watu wachache usiku. Inafaa kuangalia anwani kamili badala ya kuridhika na maneno "karibu na stesheni".

Eneo la nne ni Pārdaugava, ukingo wa kushoto wa mto. Huko kuna jengo la Maktaba ya Taifa lililofunguliwa mwaka 2014, mtaa wa Āgenskalns wenye nyumba za mbao na soko lake, na kisiwa cha Ķīpsala chenye ukumbi wa maonesho na majengo ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Riga. Mfanyabiashara anayehudhuria maonesho au mzazi anayemtembelea mwanafunzi hana sababu ya kulipia hoteli ya Riga Kongwe kisha kuvuka daraja kila asubuhi.

Nje ya mji upo Jūrmala, mji wa pwani wenye ufukwe mrefu wa mchanga mweupe, unaofikiwa kwa treni kutoka stesheni kuu kwa takriban nusu saa. Wakati wa kiangazi, msafiri anaweza kulala Jūrmala na kuingia Riga mchana, au kufanya kinyume chake. Wakati wa baridi, sehemu kubwa ya shughuli za pwani husimama na faida hiyo hutoweka.

Majira ya mwaka hubadili thamani ya anwani

Mwishoni mwa Juni, mchana wa Riga hukaribia saa 18. Mwishoni mwa Desemba, hupungua hadi chini ya saa 7. Wastani wa joto la Januari huwa chini ya nyuzi sifuri, na barafu hufanya njia za waenda kwa miguu kuteleza. Mwendo wa dakika 25 kutoka kituo cha tramu unaopendeza Julai huwa mzigo Januari, hasa kwa mtoto au mzee. Anayesafiri kati ya Novemba na Machi anashauriwa kukubali chumba kidogo kilicho karibu na kituo badala ya chumba kikubwa kilicho mbali, na kuhakikisha kuwa gharama ya kupasha nyumba joto imo ndani ya bei, hasa katika nyumba za kupanga.

Siku za sherehe nazo zina athari. Sikukuu ya Jāņi, tarehe 23 na 24 Juni, huwatoa wakazi wengi mjini kwenda vijijini kuwasha mioto na kuimba, hivyo maduka na ofisi nyingi hufungwa. Tamasha la Nyimbo na Ngoma la Latvia, lililoanza mwaka 1873 na ambalo kwa sasa hufanyika kila baada ya miaka 5, huujaza mji kwa waimbaji na wageni. La mwisho lilifanyika mwaka 2023. Katika wiki ya tamasha hilo, kuchelewa kuweka nafasi ni kukosa nafasi.

Kusoma uthibitisho wa malazi kwa makini

Uthibitisho wa malazi una maelezo ambayo msafiri kutoka Afrika Mashariki anaweza kuyaelewa isivyo. La kwanza ni saa. Riga hutumia saa sawa na za Dar es Salaam wakati wa kiangazi, na hubaki nyuma kwa saa 1 wakati wa baridi. Muda wa kupokelewa ulioandikwa 15:00 ni saa 9 alasiri, na muda wa kukabidhi chumba ulioandikwa 11:00 ni saa 5 asubuhi. Ndege inayofika alfajiri humlazimu msafiri kusubiri, au kulipia usiku wa ziada, au kuomba mapema sehemu ya kuhifadhi mizigo.

La pili ni ghorofa. Nchini Latvia, sehemu ya chini ya jengo huhesabiwa kuwa ghorofa ya 1. Chumba kilichoandikwa kuwa ghorofa ya 5 kina ngazi za ghorofa nne za kupanda, na msafiri anapaswa kuuliza kama lifti ipo. La tatu ni umeme: soketi za Latvia hupokea plagi ya pini mbili za duara, hivyo chaja nyingi zinazotumika nchini huhitaji kiunganishi.

La nne, na lenye uzito zaidi, ni masharti ya kughairi. Bei ya chini mara nyingi huambatana na sharti kwamba fedha hazirudishwi. Kwa kuwa viza inaweza kuchelewa au kukataliwa, mwombaji anashauriwa kuchagua nafasi inayoweza kughairiwa bila gharama hadi siku chache kabla ya kufika, hata kama bei yake ni ya juu kidogo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kinga ya fedha zote zilizobaki.

Tahadhari dhidi ya udanganyifu

Wapo watu wanaojitangaza mitandaoni kuwa wanauza uthibitisho wa hoteli kwa ajili ya viza bila kuweka nafasi yoyote. Ofisa wa ubalozi anaweza kuwasiliana na hoteli kuthibitisha, na nyaraka ya kughushi ni sababu ya kukataliwa viza. Taarifa za uamuzi huo huingizwa katika mfumo wa pamoja wa viza wa nchi za Schengen, ambamo zinaweza kuhifadhiwa hadi miaka 5. Mwombaji aliyenunua karatasi ya bandia Dar es Salaam anaweza kuulizwa habari zake miaka kadhaa baadaye akiwa ameomba viza ya nchi nyingine kabisa.

Aidha, mwenye nyumba anayemtaka mgeni alipe nje ya mtandao alimowekea nafasi, kwa kutuma fedha moja kwa moja kwa mtu binafsi, anamnyima ulinzi wa kudai fedha zake. Malipo yote yafanyike kwa njia inayoacha stakabadhi, na jina kwenye stakabadhi lifanane herufi kwa herufi na jina lililo kwenye pasipoti.

Mwombaji aliyekataliwa hupewa sababu kwa maandishi na ana haki ya kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi iliyotoa uamuzi. Hakuna wakala mwenye uwezo wa kumhakikishia mtu viza.

Kufika na kukaa

Mahali pa kukaguliwa hutegemea njia ya ndege. Anayebadilisha ndege Frankfurt au Amsterdam huingia Eneo la Schengen hapo, na ndipo ofisa atakapomuuliza atalala wapi. Anayepitia Istanbul hukaguliwa Riga. Kwa vyovyote vile, uthibitisho wa malazi, bima na tiketi ya kurudi vikae kwenye mkoba wa mkononi, vikiwa vimechapishwa. Tangu tarehe 12 Oktoba, 2025, nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kusajili wanaoingia na kutoka kwa picha ya uso na alama za vidole, na mfumo huo huhesabu siku za kukaa.

Uwanja wa ndege wa Riga upo takriban kilomita 10 kutoka katikati ya mji, na basi la mji namba 22 huunganisha sehemu hizo mbili. Namba ya dharura kwa polisi, zimamoto na gari la wagonjwa ni 112. Anayepoteza pasipoti atoe taarifa polisi na kupata hati ya taarifa hiyo, kisha awasiliane na Ubalozi wa Tanzania uliopo Stockholm, Sweden, ambao eneo lake la uwakilishi linajumuisha nchi za Baltiki. Nakala ya pasipoti na anwani ya malazi viachwe pia kwa ndugu aliyebaki nyumbani.

Wananchi wanahimizwa kufuata mpangilio huu: kwanza madhumuni ya safari, pili idadi ya usiku katika kila nchi, tatu malazi yanayoweza kughairiwa, nne bima na maombi ya viza, na mwisho kabisa malipo yasiyorudishwa, ikiwemo tiketi ya ndege. Anayefuata mpangilio huo hata akinyimwa viza atakuwa amepoteza ada ya maombi na gharama ndogo za maandalizi, na fedha nyingine zote zitabaki mikononi mwake.